Mpira Uliovuka Mfereji

Mama Thadeus anaapa, mkono juu, kwamba ule mpira haujatua mpaka leo. Anasema Kalasinga mmoja alitoka Nairobi na sanduku la vyuma vyenye roho ndani, akavibana kimoja kimoja na kuviuliza habari za watu, navyo vikamjibu kwa kuvuma. Anasema Kalasinga huyo alimshika Melkior mkono, akamnong'oneza maneno ya kwao, kisha akampa chuma kilichotiwa dawa. Melkior alipoupiga, mpira ukapanda juu ya mji, ukapita Kibosho, ukapita msitu, ukaenda kujificha kwenye theluji ya Kibo.

"Na wapanda mlima watauokota siku moja," humalizia Mama Thadeus. "Mtanikumbuka."

Mama Thadeus hakuwapo. Siku hiyo alikuwa kihambani kwake akipalilia kahawa, na ukiwa pale hata bati la klabu ya gofu ya mjini Moshi hulioni. Aliyekuwapo ni Lukresia, binti Melkior, na Lukresia hasemi. Akiulizwa hucheka kidogo, akainama, akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Lakini yaliyotokea yanatosha kumshangaza mtu bila kuongezwa chumvi, basi na yasimuliwe jinsi yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile ambayo vijana walichaniwa suruali barabarani kwa kosa la kuvaa bugaluu. Melkior alikuwa mtu wa Kibosho, mwenye kahawa na migomba, ng'ombe wa maziwa, na mke aitwaye Mektrida. Kabla ya uhuru alikuwa akipita kando ya ua wa klabu akisukuma baiskeli yenye gunia la kahawa, akawaona Wazungu wanapiga vimipira vyeupe kwa fimbo na kuvifuata juani, akajiuliza wanatumikia adhabu ya kosa gani. Uhuru ukaja, ua ukafunguliwa. Melkior akaingia kutazama. Kutazama kukawa kujaribu, na kujaribu kukawa ugonjwa usio na dawa.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kumwonya kwamba gofu ni mchezo wa mabwanyenye.

"Ndugu balozi," Melkior akamjibu, "ardhi si mali ya umma?"

"Ndiyo."

"Na mimi si umma?"

"Ni umma, ndiyo."

"Basi Jumamosi nakwenda kuikagua ardhi yangu. Karibu mbege."

Balozi akanywa mbege, maneno yakaisha.

Tangu masika ya mwaka huo, lakini, kulikuwa na jambo. Lukresia ndiye aliyeanza kuliona. Aliona kikombe cha baba yake kimehama mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Aliona mama anamfunga baba vifungo vya shati la kanisani, na baba anatazama dari kama mtu anayesubiri mvua ipite. Aliona mgomba umekatwakatwa ovyo pale ambapo panga la Melkior lilizoea kupita mara moja tu, kama kisu kwenye siagi. Hakusema. Yeye tangu utoto alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Alipomaliza darasa la saba mwalimu wake alisema msichana huyu hajibu haraka, ila akijibu usirudie kumwuliza.

Mwishowe Mektrida mwenyewe alisema, na alisema mbele ya chakula.

"Baba Lukresia, mkono huo unakufa. Shuka hospitali."

"Haujafa. Umelala."

"Na umelala tangu masika? Huo usingizi gani?"

Melkior akasukuma bakuli la mtori. "Sikilizeni, nyinyi wanawake. Pale klabu kuna mfereji. Kwa fimbo ya chuma namba saba navuka mfereji ule nikiwa nimefumba macho. Siku mpira wangu utakaposhindwa kuuvuka, nitashuka hospitali kwa miguu yangu, hakuna atakayenisukuma. Lakini ukivuka, sitaki kusikia habari za mkono tena ndani ya nyumba hii."

Mektrida akasema, "Nimesikia." Na kwa watu wa pale, mke akisema nimesikia mbele ya chakula, neno limefungwa. Halifunguliwi na mmoja peke yake.

Ndipo zikaja habari za fundi wa mipini.

Fimbo ya gofu, kwa asiyeijua, ina kichwa cha chuma chini, mshikio wa mpira juu, na katikati mpini mwembamba wa chuma cha pua, mtupu ndani kama mrija. Mipini ya wanachama wa klabu ilikuwa ya kurithi kutoka kwa Wazungu waliorudi kwao, imepinda, imepata kutu, mingine mirefu kwa mwenyewe na mingine mifupi. Wakachangishana, wakamwita Kuldip Singh kutoka Nairobi aje awafungie mipini mipya, kila mtu kwa kipimo chake. Kuldip alikuwa mzaliwa wa Moshi. Baba yake alitengeneza mashine za kukoboa kahawa kabla hawajahama. Alikuja kwa basi kupitia Himo, na ilisemekana mpakani askari walichungulia ndani ya kila mpini, mmoja akiuliza kama ni mitutu, mwingine kama ni bomba za maji, kwa sababu kama ni za maji basi kijijini kwao wanazihitaji sana.

Asubuhi ya Jumamosi Mektrida alimjazia Lukresia kopo la maziwa ya kupeleka jikoni kwa klabu.

"Ukishatoa maziwa usirudi," alimwambia. "Kaa mpaka baba yako apige. Macho yako nayaamini kuliko mdomo wake. Mpira ukivuka, nitanyamaza kama nilivyosema. Usipovuka, mkumbushe neno lake hapo hapo."

"Mbele ya watu, mama?"

"Mbele ya watu ndipo neno la mwanamume linapoishi."

Basi Lukresia akatoa maziwa, akakaa kwenye ngazi za baraza na kopo tupu mapajani. Mlima ulikuwa wazi kabisa, mweupe kileleni, umekaa juu ya mji kama mwenye nyumba. Fundi alikuwa ameweka meza chini ya ngazi, na juu ya meza amefunga jiliwa, kile chuma cha mafundi cha kubania vitu. Hapakuwa na mtu ila yeye na Jasoda, mke wa mwenye duka la vitambaa, mwanamke pekee aliyecheza pale. Wanaume walikuwa ndani wakinywa chai na kusubiri umande ukauke.

"Vua viatu, Jasodaben," alisema Kuldip, kwa jina la heshima ya kwao. Mama huyo akasimama pekupeku kwenye saruji, sari ameikunja kiunoni, mikono imening'inia. Fundi akapima kwa futi ya mshonaji kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka sakafuni. Akapima kiganja. Akapima kidole cha kati. Lukresia alikuwa hajawahi kufikiri kwamba chuma kinaweza kushonewa mtu kama gauni.

Kisha fundi akatoa fimbo za majaribio, zote namba saba, zote za kichwa kimoja, ila mipini mbalimbali, kila mmoja na ukanda wa rangi shingoni. Akabana mmoja kwenye jiliwa, akauvuta ncha kwa kidole, akauachia. Ukatetemeka upesi, ukatoa sauti nyembamba kama mbu. Akabana mwingine. Huo ukayumba polepole, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kifuani, kama nyuki wakiwa mzingani jioni. Lukresia alihisi nywele za mikono zinasimama. Chuma kile kile, unene ule ule kwa macho, kumbe kila kimoja kina moyo wake.

"Huu mweusi ni wa mwanamume mwenye nguvu," fundi alieleza. "Kijani, mwanamume wa kawaida. Huu mwekundu ni wa wanawake. Mwepesi, unakubali kupinda. Kazi ambayo mkono hauiwezi, mpini unaifanya."

"Basi nipe mwekundu," alisema Jasoda, "mimi sina ugomvi na mkono wangu."

Fundi akabandika utepe mweupe chini ya chuma, akaweka ubao kwenye majani yanayoelekea mfereji, na mpira juu ya ubao. Jasoda akapiga. Chuma kilikwaruza ubao, na fundi alipokigeuza, utepe ulikuwa na alama nyeusi, karibu na kisigino cha chuma. Akakibana, akakipinda shingo kidogo, kidogo sana, kiasi ambacho Lukresia hakukiona. Jasoda akapiga tena. Alama ikahama. Akapinda tena. Ya tatu ikakaa katikati kama mboni ya jicho, na mpira wake ukaenda sawa kama uliochorewa mstari.

"Sasa chuma kimekujua," alisema Kuldip.

Lukresia aliyashika maneno hayo. Kumbe mtu akipiga, mwili wake wote unaandika pale chini: urefu wa mkono, mgongo unavyoinama, hata anavyosimama. Na huyu bwana mwenye kilemba anasoma.

Wanaume wakatoka. Wa kwanza alikuwa Dilip, mwana wa Jasoda, kijana wa suruali iliyobana juu na kumwagika chini, na miguuni raizoni zenye soli kama matofali. Akasimama apimwe.

Kuldip akatazama viatu. "Utacheza na hivi?"

"Hapana, mzee. Nitazama."

"Basi nipime mtu au nipime viatu?"

Hata mama yake alicheka. Dilip akavua, akashuka chini kama mtu aliyetumbukia shimoni.

Akafuata Ebenezeri, mtu mnene wa Machame, karani, Mlutheri wa kuimba kwaya. "Mimi nipe mgumu kuliko yote," alisema kabla hajaulizwa. Mwekundu? Hakuugusa wala hakuonyeshwa. Alipewa mweusi, akapiga kwa kishindo, mfereji ukavukwa. Akageuka kuwatazama wenzake kama askofu anayetazama waumini.

Ndipo Melkior akafika, amefunga baiskeli yake nje, kofia ya sufu kichwani.

"Haya, Kibosho imeingia!" akapaza sauti Ebenezeri. "Ndugu Melkior, umekuja kupimwa au umekuja kuchimba mfereji? Maana nyinyi mna mkono wa jembe."

"Nyinyi wa Machame mna mkono wa kitabu cha nyimbo. Shikamoo, mfereji?" alisema Melkior akiuelekea mfereji. "Umeitikia. Umesema marahaba, pita."

Watu wakacheka. Lukresia hakucheka. Alikuwa akitazama mkono ukivua kofia, wa kushoto.

Fundi alimpima bila maneno. Melkior akasema, "Nipe kama wa Ebenezeri." Akapewa mweusi. Akasimama mbele ya mpira vizuri, maana kusimama kwake kulikuwa kuzuri bado, mabega yamelegea, shingo imetulia. Akainua, akashusha. Mpira ukaenda chini chini, ukagonga majani, ukasimama kabla ya mfereji.

"Upepo," alisema Melkior. Hapakuwa na upepo. Hata jani la mgrivea halikucheza.

Akapiga tena, na safari hii alikusanya nguvu mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Chuma kiligeuka mkononi mwake. Mpira ukaruka kidogo, ukaingia majini, na wote wakasikia: chubwi.

Watu wakamtazama kwa huruma. Ebenezeri mwenyewe akaangalia vidole vya miguu yake. Na Lukresia, moyo wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Uliumia, kwa sababu hakuwahi kumwona baba yake akitazamwa hivyo. Na ulifurahi, Mungu amsamehe, kwa sababu neno lilikuwa limetimia: haukuvuka, atashuka hospitali. Akaweka kopo chini. Akaanza kusimama ili amkumbushe, kama alivyotumwa.

Lakini Kuldip alikuwa ameshauchukua mkono wa kulia wa Melkior. Hakumnong'oneza kitu. Aliufungua kiganja kama anayefungua barua ya mtu mwingine, akabonyeza kidole kimoja kimoja, na kila alipobonyeza alimtazama Melkior usoni, na Melkior alitazama mlima. Kisha fundi akarudi mezani, akawapa watu mgongo. Lukresia peke yake, kwa kuwa ngazi ilikuwa upande ule, aliona. Alichukua mpini mwekundu. Akatoa mfukoni utepe mweusi wa kufungia nyaya za umeme, akauzungusha juu ya ule ukanda mpaka wekundu ukaisha.

"Jaribu huu," alisema. "Usilazimishe. Uache."

Melkior akapiga.

Jinsi ya kulisimulia hilo ni shida, na labda ndiyo maana Mama Thadeus aliamua kuongeza theluji. Hakukuwa na kishindo. Mpini ulipinda nyuma ya mkono wake, ukachelewa kidogo, kisha ukanyooka wenyewe wakati wake ulipofika. Sauti ilikuwa ndogo na safi, kama kokwa linalovunjwa na meno mazuri. Mpira ukapanda. Ukapanda mbele ya weusi wa msitu, ukaendelea kupanda mpaka ukafika mbele ya weupe wa Kibo, na hapo hukuuona tena kwa sababu nyeupe ilikuwa juu ya nyeupe. Watu wote walisimama wameinua nyuso, midomo wazi, Mhindu na Mkatoliki na Mlutheri, wakisubiri mbingu irudishe kitu chake. Mahali pale palikuwa kimya kama kanisani padre anapoinua hostia. Halafu mbali, mbali sana upande wa pili wa mfereji, kule nyuma ya migrivea, kitu cheupe kikadunda kwenye majani mara moja na kulala.

Ebenezeri alikuwa amevua kofia. "Mae!" alisema kwa sauti ndogo. "Melkior, hiyo umepiga wewe?"

Jasoda alipiga makofi. Dilip alipiga mluzi. Na Melkior akacheka, kicheko ambacho nyumba yake haikuwa imekisikia tangu masika, akacheka mpaka akafuta macho.

"Fundi," akasema Ebenezeri, "mimi huu mpini wangu urudishe. Nipimie kama huo huo."

"Huu ni wake," alijibu Kuldip.

"Najua ni wake. Nauliza ni wa namna gani."

"Wa namna yake." Akainama, akaanza kupanga vyombo.

Lukresia alikuwa bado amesimama nusu, mkono kwenye ukuta. Alitazama mahali mpira ulipotulia, kisha akamtazama baba yake. Mfereji ulikuwa umevukwa. Neno lilikuwa limetimia mara mbili, kila mara upande wake, na wa mwisho ndio mshindi. Mama angenyamaza. Mkono ungeendelea kulala. Na bado, hata hivyo, yeye mwenyewe alikuwa ameuona mpira ule. Mpira haukudanganywa na mtu. Ulikwenda.

Melkior hakuwa mjinga. Mtu aliyechonga mipini ya majembe maisha yake yote, wa mke wake kwa kimo cha mke wake na wa binti yake kwa kimo cha binti yake, hawezi kushika mpini asijue kitu. Kicheko kilipoisha aliupima kwenye kiganja cha kushoto, juu, chini. Akaupitisha puani kama anayenusa. Akautazama ule utepe mweusi. Kwa watu wa kwao mwanamume hashiki mundu wa mkewe wa kukatia majani, hata kama majani yamemfika kiunoni, na asiyejua hilo ni mgeni.

Akaja mpaka ngazini. Wengine walikuwa wamekwenda kuutafuta mpira, wakibishana umetua wapi. Akakaa chini ya Lukresia, ngazi moja chini, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasema kwa Kichagga, polepole.

"Mama yako amekutuma."

"Ndiyo, baba."

"Uniangalie."

"Ndiyo."

Akaulaza mpini mapajani. Kuldip, pale mezani, alikuwa amebana mpini mtupu kwenye jiliwa, na ulikuwa bado unavuma, ule uvumaji mzito wa nyuki, unaokwenda ukipungua.

"Nimemsikia fundi, anasema ni wangu tu," alisema Melkior. "Ebenezeri hajui. Jasoda ni mtu wa heshima, hata akijua hatasema. Wewe umekaa hapa tangu asubuhi, na macho yako ni ya mama yako, hayalali. Ulimwona alipoutoa."

Lukresia alitazama mkono wa kulia wa baba yake juu ya mshikio. Vidole vitatu vilikuwa vimekamata. Viwili vilikaa kando, wazi, kama wageni waliofika msibani wasijue pa kuketi. Kule ng'ambo ya mfereji Dilip akapiga kelele kwamba ameuona, ameuona, njooni mtazame ulikofika.

"Niambie, mwanangu," alisema Melkior. "Ni mpini wa nani huu? Mimi nitashika utakalosema, hata kama ni kushuka hospitali."